Mafuta ya Kuponyea Nembo

Hakuna jambo la kunishangaza mimi. Nasema hivi bila kujivuna, ingawa watu wa Likombe watakwambia kwamba bila kujivuna mimi sijawahi kupiga hata hodi. Nimewaona Wazungu wakifyeka pori zima ili wapande karanga, na karanga zikakataa. Nimewaona wakitandika reli, kisha wakaja kuing'oa wenyewe, chuma kwa chuma. Gati la Mtwara unaloliona leo nimelibebea zege begani nikiwa kijana, na kila siku ya malipo karani alinipunja kwa sababu alijua sijui kusoma. Nikajifunza tarakimu kabla ya herufi. Wazungu wa karanga walipoondoka waliacha injini imelala nyasini kama ng'ombe aliyekufa. Wenzangu walipita wakaiangalia, mimi nikainunua kwa bei ya chuma chakavu, nikakaa nayo miezi saba nikiifungua na kuifunga mpaka ikanguruma. Hiyo ndiyo mashine ya kusaga ninayowasagia watu makopa yao ya muhogo mpaka leo. Darasa la pili sikumaliza. Sasa niambie, mtu kama huyo ashangazwe na nini?

Kwa hiyo wakwe zangu wa Mikindani walipoleta ombi lao, sikushangaa. Nilikasirika, na kukasirika ni jambo jingine.

Ilikuwa miaka miwili mitatu baada ya Azimio la Arusha. Binti yangu mkubwa alikuwa ameposwa na kijana fundi cherehani, mpole, mwenye vidole virefu na maneno machache. Mahari tulishakubaliana, ndoa tukaiweka baada ya mauzo ya korosho. Zilikuwa zimebaki wiki saba. Siku hiyo baba wa kijana alikuja kwangu na kaka yake, kanzu zimepigwa pasi, wakala halua, wakanywa kahawa, wakazungumza habari za mvua mpaka mvua yenyewe ikaisha. Nikajua kuna neno linatafuta mlango.

"Mkwe," akasema baba wa kijana, "kuna jambo dogo. Wala si jambo."

"Kama si jambo, liache."

Kaka yake akacheka. Yeye hakucheka. "Ni habari ya bibi, mama yako. Tunamheshimu sana. Ila siku ile watakuja watu wazima wa Mikindani, na wewe watu unawajua. Tumeona bibi, kwa umri wake, apumzike ndani. Chumbani, au kule jikoni, penye kivuli."

"Mama yangu hajachoka."

"Si kuchoka, mkwe. Ni uso."

Mama yangu ni Mmakonde wa ng'ambo. Alivuka Ruvuma mimi nikiwa mgongoni, akikimbia shokoa, kazi ya lazima ya Mreno, na alichovuka nacho ni mimi, chungu kimoja na uso wake. Uso huo umechanjwa nembo kutoka paji hadi kidevuni, mistari myeusi iliyokunjwa kama viwiko, mmoja juu ya mwingine, imenyooka kuliko mistari ya daftari. Mdomo wa juu una tundu la ndonya, kile kipande cha mti cha urembo, ingawa ndonya yenyewe aliivua zamani. Kwao alikuwa mwanamke aliyekamilika. Mjini Mtwara wakamwita Mmawia, kwa dharau, na wapo waliovuka barabara walipomwona anakuja.

Chumba chake kilikuwa nyuma ya pazia, hatua tatu kutoka tulipoketi. Wageni walipoondoka alitoka, akaokota vikombe vya kahawa kana kwamba hakusikia kitu. Alipofika mlangoni akasema bila kugeuka, "Nitakaa jikoni, mwanangu. Moto haujawahi kunicheka."

Hapo ndipo nilipoamua. Wengi wamesema baadaye kwamba nilirukwa na akili. Mimi nilipiga hesabu. Nilisilimu nikiwa bandarini, mke wangu ni mtoto wa Kiislamu wa Mtawanya, na ndoa ya Kiislamu inafungwa na walii. Walii wa binti yangu ni mimi. Mimi ndiye nitakayeketi mkekani goti kwa goti na bwana harusi, nimshike mkono mbele ya Mikindani nzima, nitamke kwamba nimemwoza. Uso wa mama wanaweza kuuweka jikoni. Uso wa walii watauweka wapi?

Mimi nembo sikuwa nayo. Wenzangu wa rika moja walipochanjwa nilikuwa mbali, manamba kwenye mkonge, na niliporudi nilikuwa tayari mtu wa mjini. Nilijua pia kwamba mambo yanaweza kuharibika. Nembo ikitoka nyeusi na kavu, hawana la kufanya. Ikioza, nikafika siku ile nimefungwa bendeji kama mtu aliyeanguka mnazini, watasema mzee mgonjwa, atafutwe wakala wa kuozesha badala yake. Hapo mama atabaki jikoni, na mimi nitakaa naye kando ya jungu. Wiki saba. Kila kitu kilitegemea namna uso wangu utakavyopona.

Nikapanda lori la chumvi mpaka kijiji kimoja karibu na mdomo wa Ruvuma, wanakokaa watu wetu wa ng'ambo, wanalima mpunga na kuuza ng'onda, samaki wakavu. Fundi wa nembo nilimkuta anamnyonyoa bata. Mtu mfupi, jicho moja linatoa machozi muda wote, ugoro umejaa kwenye pua na kwenye shati. Nikamweleza shida yangu. Akaendelea kunyonyoa.

"Bwana mashine," akasema, kwa maana alishanijua, "vijana wenyewe siku hizi wananikimbia. Wanasema ni ushamba. Wewe kichwa kina mvi ndiyo unakuja kutafuta uzuri?"

"Sitafuti uzuri. Natafuta nembo ya mama yangu."

"Umri?"

"Arobaini na ushee."

"Ngozi ya arobaini na ushee ni kiatu. Thelathini."

"Shilingi thelathini! Zamani mlikuwa mnalipwa kuku."

"Zamani hukuwa na mashine." Akamweka bata chini, akafuta mikono. "Ukipiga kelele nasimamisha kazi, na pesa sirudishi."

Nikalala chali kwenye mkeka wake, kichwa changu katikati ya magoti yake. Alikuwa na kijembe kifupi cha chuma, wenyewe wanakiita chipopo. Alichora kwanza kwa makaa, akafuata mchoro kwa chuma, mkato baada ya mkato, haraka, kama mwanamke anayekata mboga. Kisha akachukua unga mweusi wa makaa ya mbarika, akausugua ndani ya majeraha kwa kidole gumba. Paji, shavu la kulia, shavu la kushoto, kidevu. Sauti haikunitoka. Kama umekutana na yule fundi akakwambia vingine, basi ni mwongo, na bata wake naye ni mwongo.

Akanikalisha juani mpaka damu ikakauka. Akasema, "Mafuta ya mbarika tu, na kidogo. Siku nne usioshe. Usikwangue. Usipake kitu cha dukani. Iache ichukue siku zake."

Nilimsikiliza kama ninavyomsikiliza mtu anayetaka kunifundisha kusaga.

Nilirudi Likombe uso umevimba, macho yamebaki mianya. Mke wangu alikuwa anapepeta mchele. Ungo ukabaki hewani.

"Baba watoto! Umepigana na nani?"

"Na Mikindani."

Akaniuliza kama nitaweza kula. Mama naye alitoka nje, akanitazama, akarudi ndani.

Kesho yake nilifungua mashine kama kawaida. Kufunga mashine ningeonekana nimejificha, na mimi sijifichi. Wanawake wakapanga foleni na vikapu vyao vya makopa, wanajifanya hawaoni. Mmoja wa Mtawanya, mdomo wake unajulikana wilaya nzima, akashindwa kujizuia.

"Mzee, leo mashine imekurukia?"

"Lete makopa, mama. Maneno sisagi."

"Jana alikuwa kupe mnyonyaji," akamwambia mwenzake kwa sauti ya kusikika, "leo kawa Mmawia. Kesho sijui atakuwa nini."

"Kesho atakuwa mwenye mashine," nikamjibu. Wakacheka wote, na yeye akacheka, na nilimsagia kwa bei ile ile.

Lakini kusaga muhogo ni kazi ya vumbi. Vumbi jeupe linaingia puani, masikioni, kwenye kope. Uso mbichi ukikaa katika vumbi lile unageuka kinu. Mke wangu akanipaka mafuta ya nazi, mazuri, aliyokamua mwenyewe. Mpaka adhuhuri mafuta yalikuwa yamekamata unga, na nilikuwa na uji usoni. Nzi wakapata habari. Nikanawa, nikaagiza mafuta ya mgando dukani, nikapaka. Hayo ndiyo yalikuwa gundi kamili. Jioni nilibandua ganda jeupe na chini yake ngozi ikachuruzika maji. Mafuta ya mbarika, aliyosema fundi, yalikuwa mazito kuliko hayo yote. Nikasema, yule mzee anakaa kwenye mpunga na bata, vumbi la mashine analijua wapi?

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta krimu. Niliingia duka kubwa la mjini, lile lenye kabati la kioo. Mwenye duka alinitazama, akatazama nje, akanitazama tena.

"Nataka krimu ya kuponya uso, isiyoshika vumbi."

Akatoa kikopo kidogo chenye picha ya mwanamke mweupe, kinanukia waridi. "Hii, bwana. Inatoa madoa yote. Hata hayo. Wiki mbili tu, uso kama yai."

"Hata haya?"

"Yote yanakwenda."

"Bwana," nikamwambia, "nimelipa shilingi thelathini kuyaweka. Unaniuzia dawa ya kuyaondoa?"

Akataka kunipunguzia bei. Nilitoka dukani nikijisifu njia nzima. Nilijiona mjanja, nimeuona mtego mchana kweupe. Sikujua kwamba mwingine ulikuwa hatua mia mbili mbele yangu, na huo niliuingia kwa miguu yangu nikashukuru.

Ulikuwa zahanati. Dresa wa pale, msafisha vidonda, alikuwa kijana msafi, kucha fupi, shati jeupe. Hakucheka. Alinikalisha karibu na dirisha akanichunguza kama fundi anavyochunguza injini, na mtu anayefanya kazi hivyo mimi humwamini. Akasema majeraha yameanza kuchafuka. Akachemsha maji ya chumvi, akachovya pamba.

"Mzee, uchafu huu mweusi ulioingia ndani ndio utakaokuletea usaha. Lazima utoke."

"Toa," nikasema.

Nilimshikia beseni mwenyewe. Alisugua kwa saa nzima, na kila pamba ilitoka nyeusi. Mimi nikawa nafurahi kwamba kazi inakwenda. Nilidhani weusi uliotoka ni wa juu, wa ziada, kama pumba. Kisha akanipaka marhamu ya njano, nyepesi, iliyokauka usoni na kuwa kama ngozi ya pili. Vumbi lilidunda. Asubuhi na jioni, maji ya chumvi, pamba, marhamu. Bure kabisa, serikali imelipa. Nilimsifia dresa yule mpaka watu wakachoka. Niliwaambia wanawake wa foleni kwamba nembo ya kisasa inataka dawa ya kisasa, na mtu mwenye akili anachukua cha zamani akakitunza kwa cha leo. Maneno matamu. Nayakumbuka vizuri kwa sababu bado yananiuma.

Siku ya tisa maganda yalikuwa yamekauka yote. Hakuna usaha, hakuna uvimbe. Yakaanza kudondoka, na siku ya kumi na mbili uso ulikuwa laini. Pale mashineni hatukuwa na kioo, na cha nyumbani kilikuwa kidogo cha kunyolea ndevu, unaona pua peke yake. Nikaenda kwa mama. Nilitaka aone yeye kwanza.

Alinipeleka mlangoni kwenye mwanga, akanishika kidevu kama alivyokuwa akinishika nilipokuwa mtoto, akanigeuza kushoto, akanigeuza kulia. Akapitisha kidole kwenye paji, taratibu, akifuata njia aliyoijua.

"Umepona," akasema.

"Nimepona eeh?"

"Umepona, mwanangu. Hakuna kitu."

Nilikwenda kwenye lori la jirani nikajitazama kwenye kioo cha pembeni. Mistari ilikuwepo, ukiitafuta. Ilikuwa ya kijivu, imepauka, mingine imekatika katikati. Mtu angesema nimekwaruzwa na paka miezi mitatu iliyopita. Nilisimama pale mpaka mwenye lori akaniuliza kama nataka kulinunua. Weusi ule alioutoa dresa kwa pamba ndiyo ilikuwa nembo yenyewe. Alifanya kazi yake vizuri sana. Angekuwa mvivu kidogo ningekuwa na uso.

Niliporudi nyumbani mama alikuwa ameketi kwenye kigoda anachambua mchicha.

"Basi," akasema. "Umejaribu. Mimi nimeona. Kukaa jikoni siku moja hakutaniua."

Ningeweza kuuvumilia mdomo wa yule mama wa Mtawanya, na wakwe, na kioo cha lori. Neno "basi" lile, kwa sauti ile ya kunihurumia, ndilo lililonirudisha Ruvuma. Zilikuwa zimebaki wiki nne na siku kidogo.

Katikati ya hayo mwalimu wa chuo cha Kurani alikuja kunisemesha. Alikuja kwa adabu, akanivuta kando ya mashine ili wanawake wasisikie. Aliniambia kwamba kujichanja uso hakufai katika dini yetu, na mara ya kwanza yeye alinyamaza akidhani nimepitiwa, lakini kusikia kwamba narudi tena kumemsikitisha.

"Mwalimu," nikamwambia, "hiyo niandikie mimi, nitaijibu mwenyewe. Na ile ya kumficha mama mzazi jikoni kama sufuria iliyotoboka, utamwandikia nani?"

"Hiyo nayo haifai," akasema. Tukaagana vizuri. Sisemi kwamba nilimshinda. Nasema hatukugombana.

Fundi alipouona uso wangu alicheka mpaka lile jicho jingine nalo likatoa machozi.

"Nani amekufuta?"

"Dresa."

"Mkono mzuri sana. Mwambie nina sufuria zangu."

"Utachanja au utacheka?"

"Nitafanya vyote viwili. Thelathini."

"Kwa kazi ile ile?"

"Mimi kazi yangu nilifanya, bwana mashine. Yako ya kuacha ndiyo hukuifanya."

Nililipa. Alipita juu ya mistari ile ile, na safari hii akachimba zaidi, kwa sababu ngozi ilikuwa imeshajifunza kujifunga. Sitasema uongo kwenye karatasi: machozi yalinitoka. Machozi ni maji, yanatoka yenyewe. Fundi akayafuta kwa kiganja pamoja na damu, hakusema kitu, na kwa hilo namheshimu.

Nikafunga mashine. Siku kumi na nne mlango wa bati ulikuwa na kufuli, na wanawake wakabeba vikapu mpaka mjini kwenye mashine ya mwenzangu ambaye husaga unga wenye changarawe. Hilo liliniuma karibu sawa na uso. Lakini nilikuwa nimejifunza: mafuta hayawezi kupatana na vumbi, na nembo haiwezi kupatana na marhamu, basi kinachoondoka ni vumbi.

Asubuhi baada ya kurudi nilisikia kinu cha mama. Alikuwa amechuma mbarika nyuma ya choo cha jirani, akazikaanga, sasa anatwanga. Akachemsha kwa maji, akaengua mafuta yaliyoelea kwa kijiko cha mti, akayachemsha tena peke yake mpaka maji yakaisha kulia ndani ya sufuria. Yakabaki mafuta ya rangi ya asali mbichi, hayajai hata chupa ya soda. Alinipaka yeye mwenyewe kwa unyoya wa kuku, tone moja kwa kila mstari. Mwanamke aliyesema basi.

Siku hizo tulikaa pamoja uani kuliko tulivyowahi kukaa tangu nilipoanza kutafuta pesa. Siku moja nikamwambia, kwa kujisifu, kwamba mara zote mbili sikulia.

"Mimi nililia," akasema.

"Wewe?"

"Sana. Nilimng'ata mama mdogo mkono. Kovu alikufa nalo." Akachovya unyoya. "Walinishika wanne. Baadaye nilipojiona kwenye maji nikasahau yote. Nilijiona mzuri mno, nikawa nakwenda mtoni hata kama sina ndoo."

Tangu utoto wangu nilikuwa najua kwamba mama hakulia. Sijui nani aliniambia. Pengine nilijiambia mwenyewe.

Siku ya sita shavu la kushoto lilianza kupwita. Likawa la moto, gumu, na jioni mstari wa chini ukatoa usaha. Kurudi zahanati nilikuwa tayari nimeapa kwamba sirudi. Mama akaona.

"Nenda kwa yule kijana."

"Atanifuta tena, mama."

"Mwambie shavu moja tu. Mwambie mama yako amesema asiguse lingine."

"Siendi."

"Unataka kukaa mkekani unanuka? Nenda."

Dresa alinisikiliza, mikono nyuma. "Kwa hiyo mzee, natibu kwa maagizo ya bibi?"

"Ndiyo."

"Bibi ana cheti?"

"Anacho usoni."

Alinitazama, kisha akacheka kwa mara ya kwanza. Akausafisha mstari ule mmoja, akaninyunyizia unga wa salfa, akanionya nisilale upande huo. Lingine hakuligusa. Mstari huo wa chini mpaka leo una uvimbe mdogo, mwekundu kidogo kuliko wenzake. Nembo iliyobaki ilitoka nyeusi, nyeusi ya buluu kama ya mama, kiwiko juu ya kiwiko. Siku tano kabla ya harusi mama alinishika tena kidevu mlangoni. Alinigeuza kushoto, akanigeuza kulia. Hakusema nimepona. Aliniachia kidevu akaenda chumbani, na nikamsikia anafungua sanduku lake la nguo.

Siku ya ndoa nilitandika mkeka barazani na kuweka kiti kimoja mbele kabisa, kile cha mikono, cha kwangu. Mama akaketi. Alivaa kanga mpya, na kichwani hakujitanda mpaka machoni kama alivyozoea akitoka. Aliifunga nyuma, uso wote nje. Lori la Mikindani likasimama. Wakashuka kanzu ishirini, thelathini. Baba wa kijana alikuwa mbele. Aliponiona alipunguza mwendo, kisha akasimama kabisa, na waliokuwa nyuma yake wakagongana.

"Mkwe," akasema polepole, "tulizungumza."

"Mlizungumza ninyi. Mimi nilikunywa kahawa."

"Umetufanyia nini?"

"Sijawafanyia kitu. Hii ni nyumba ya mama yangu na huyu ni mama yangu. Kama nyuso hizi mnataka ziende jikoni, leo ziko mbili, na moja ni ya walii. Mwambieni bwana harusi aje akaozeshwe jikoni. Pana nafasi, tutasogeza jungu."

Hakuna aliyecheka. Kaka yake akamnong'oneza sikioni. Mmoja wa wazee waliokuwa nyuma akasema turudini, na wawili watatu wakageukia lori kweli. Nilisikia ndani mke wangu anasema, "Mungu wangu." Binti yangu alikuwa huko ndani naye, hina mikononi, na nilijua kwamba katika dakika ile ninaweza kuwa nimemwachisha mume kabla hajampata. Hilo lilinipita moyoni lote. Sikusogea.

Aliyesogea ni kijana. Alivua viatu, akavipanga vizuri kama afanyavyo fundi cherehani, akapanda barazani. Hakuja kwangu. Alikwenda kwenye kiti, akainama.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mume wangu," mama akajibu, kama mabibi wote wanavyowatania wajukuu, na akaongeza, "wewe mwembamba sana, huyu mtoto atakuvunja."

Mtu mmoja akashindwa kujizuia, akacheka, halafu wengine. Kijana akaja akaketi mkekani, goti kwa goti na mimi, akanipa mkono wa kulia. Ulikuwa umelowa jasho. Alinitazama usoni, hakutazama pembeni, na mimi nikatamka, naye akakubali, na mwalimu yule yule wa chuoni akasoma dua.

Baba yake alisubiri mpaka amina ya mwisho. Kisha akasimama akasema kwamba ndoa imefungwa, alhamdulillahi, lakini watu wake hawatakula, na kilemba changu, ile shilingi mia na hamsini ya baba wa binti, hatakitoa, kwa sababu kilemba ni cha kufunga kichwa cha heshima. Nikamwambia akitunze, akija kuchanjwa atakihitaji kufutia damu. Wakapanda lori. Kijana alibaki, akala sahani mbili za pilau akiwa ameketi sakafuni karibu na kiti cha mama, na majirani wa Likombe wakala sehemu ya Mikindani mpaka ukoko. Mama hakuondoka kwenye kiti kile hata mara moja mpaka jua lilipozama, na kila aliyeingia alipita kwake kwanza.

Tangu siku ile watu huniuliza hasara niliyopata, wakidhani nitaona haya kuitaja. Nimejumlisha fundi mara mbili, nauli za Ruvuma, mafuta na dawa za madukani, siku kumi na nne ambazo mashine haikulia, na kilemba nilichonyimwa: shilingi mia nne thelathini na tano na senti hamsini.